Gundi ya Maji

Nyumbani kwetu siku huanza kwa beseni. Mimi ni dobi. Nafua shuka na mataulo ya nyumba ya wageni iliyo mwisho wa mtaa. Ikifika saa moja asubuhi maji yangu yanachemka, na mume wangu amekwisha kaa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Ukimsalimia wakati huo anaitikia kwa pua, kwa sababu ya zile pini.

Tuna mtoto mmoja, binti. Hakutaka cherehani na hakutaka beseni. Alitaka mbao. Tangu akiwa mdogo, kigoda kikivunjika mguu alikuwa anafurahi.

Kando ya mto kuna karakana ya mashua. Kila mwaka huchukua wanafunzi wanne na kuwafundisha kazi bure. Haimchukui aliyetimiza miaka ishirini na mbili. Binti yetu ana ishirini na moja. Mwaka jana fomu yake ilichelewa, akakosa. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake, na sote watatu tulilijua hilo, ingawa hatukulitaja mezani.

Barua ya karakana ilipofika aliisoma kwa sauti.

"Kila mwombaji alete mashua ya mfano ya mbao, urefu wa mkono mmoja, aliyoiunda mwenyewe. Misumari hairuhusiwi. Mashua itawekwa kwenye tangi la maji ikiwa na mzigo wa kilo mbili, tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Itakayokutwa na maji ndani, haitapita."

"Bila misumari?" nilishangaa. "Sasa itashikwa na nini? Na dua?"

"Na gundi, Mama," alisema.

"Gundi niachie mimi," alisema baba yake. Alitema pini, akavaa viatu, akaenda dukani.

Alirudi na kopo jeupe. Alilitua mezani kama mtu aliyeleta mahari.

"Mwenye duka kaniuliza nataka gundi gani," alisema. "Nikamwambia, gundi ya maji. Akanipa bila swali la pili."

Binti yetu alilitazama kopo. "Baba, una uhakika hii ndiyo ya mashua?"

"Mwanangu, koti la mvua ni la nini? La kuzuia mvua. Dawa ya mbu ni ya nini? Ya kufukuza mbu. Haya, gundi ya maji ni ya nini?"

"Ya kuzuia maji!" nilijibu haraka, kama mwanafunzi wa dawati la mbele.

Ndiyo, nilijibu mimi. Sitaki kumtupia mume wangu lawama zote. Maandishi kwenye kopo yalikuwa madogo kama sisimizi, na hakuna kati yetu aliyejisumbua kuyasoma.

Binti alifanya kazi wiki mbili. Alikata sakafu ya mashua, mbao mbili za ubavuni na ubao wa nyuma. Mbao za ubavuni alizikutanisha mbele, zikawa na ncha nzuri. Kila mahali alipopaka gundi alibana kwa vibanio vyangu vya nguo. Alivichukua arobaini. Shuka za watu zikabaki zinapepea kwenye kamba, nami nazikimbiza huku na huku.

Gundi ilipokauka mashua ilikuwa ngumu. Tuliigongagonga, ikalia ko ko ko. Tukajaza maji kwenye beseni langu kubwa, tukaiweka, tukatia ndani kilo mbili za mchele zilizofungwa kwenye mfuko.

Ilielea! Baba mtu alipiga makofi.

Baada ya nusu saa niliona maji yanageuka meupe pembeni mwa mashua. Nilidhani ni sabuni imebaki kwenye beseni. Baada ya saa moja ile ncha ya mbele ilifunguka taratibu kama mdomo wa mtu anayepiga mwayo. Ubavu mmoja ukaenda kushoto, mwingine kulia, na mchele ukashuka chini.

Tulisimama pale tunatazama. Sikuelewa kitu. Gundi ya maji, kwenye maji, imeachia.

"Mbao zilikuwa na unyevu," alisema mume wangu.

"Nilizianika siku tatu, Baba."

"Basi vibanio vya mama yako ni vya nguo. Vina huruma."

"Usiviguse vibanio vyangu," nilisema. "Labda ni mchele. Kwani mchele hauvuti maji?"

Binti alituangalia mmoja mmoja. Alitoa kipande kimoja majini. Kilikuwa kimevimba, kimelowa hadi ndani. "Mbao zimekunywa maji," alisema. "Hatukuziziba. Nadhani kosa liko hapo."

Hapo mume wangu aliinua kidole. Akiinua kidole namna ile, ujue hekima ya cherehani inakuja.

"Nimejua!" alisema. "Nikikata gauni, je, nakimbilia kuunga? La. Napiga ovaloki kwanza, kila kipande peke yake, kingo zote, ili uzi usifumuke. Ndipo naunga. Na mbao ni hivyo hivyo. Paka vanishi kila kipande kwanza, pande zote, kingo zote. Maji yakija yatakuta milango yote imefungwa. Ndipo unagundisha."

Maneno yale yaliingia akilini kama maji kwenye mtungi. Binti alikubali. Nami nilikubali, na moyoni nikajisifu kwa kuolewa na mtu mwenye akili.

Alikata mbao upya. Alizipaka vanishi jikoni, kwa sababu palikuwa na joto na alitaka zikauke haraka. Nilifunga dirisha ili vumbi la jirani lisiingie. Harufu ilitupanda kichwani, tukashinda siku mbili tunaumwa vichwa na kulaumu hali ya hewa. Lakini vipande vilipokauka vilimetameta. Aligundisha kwa gundi ile ile, akabana kwa vibanio vile vile, akasubiri siku nzima.

Siku ya pili alitoa vibanio kimoja kimoja. Akaishika mashua kwa ubavu ili aiinue. Ubavu ukabaki mkononi mwake, na mashua ikabaki mezani.

Safari hii hata maji haijayaona.

Gundi ilikuwa imebaki kwenye ubao kama utando wa maziwa. Aliivuta kwa ukucha, ikatoka nzima nzima, laini, bila kung'ang'ania popote.

Mume wangu alijikuna kisogo, kisha akasema polepole, "Labda... kwa kuwa ni gundi ya maji... inataka ionje maji kwanza ndipo ishike?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile sikucheka. Sikuwa na uhakika kwamba amekosea. Majini imeachia, nchi kavu imeachia. Bila vanishi imeachia, na yenye vanishi imeachia. Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Kwetu wazee tulikuwa wawili, na neno liliharibika mara mbili.

Binti aliketi juu ya beseni lililopinduliwa. Mikono yake ilikuwa na madoa ya vanishi hadi kwenye viwiko.

"Nitawaandikia kwamba siendi," alisema.

"Mwanangu, bado siku kumi na mbili."

"Siku si tatizo, Mama. Ningejua kosa, ningelirekebisha. Lakini silijui. Nikiunda ya tatu, nitakuwa nabahatisha tu."

Maneno yale yaliniuma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilijua nani anajua.

Nyuma ya ukuta wetu anaishi mama mmoja anayetengeneza viti, meza na makabati yaliyovunjika. Mtaa mzima unamwita Bi Msasa. Kutwa anasugua mbao kwa msasa, na ulimi wake nao unakwangua. Mimi na yeye tulikuwa hatusemeshani kwa miezi minane. Vumbi la mbao zake lilikuwa linavuka ukuta na kutua kwenye shuka zangu zikiwa bado mbichi. Siku moja nilimwambia mbele za watu kwamba yeye si fundi, anafuga vumbi. Naye akajibu kwamba afadhali vumbi linalotulia, kuliko mapovu ya dobi yanayopanda mdomoni. Watu walicheka. Tangu siku ile tukipishana njiani, kila mtu anatazama upande wake kama kuna sinema.

Mume wangu alijua ninachowaza. "Niende mimi?" aliuliza.

"Hapana," nilisema. "Aliyetukana ni mimi."

Nilichukua kopo la gundi na vipande vya mashua, nikavifunga kwenye taulo, nikazunguka ukuta. Njiani nilipanga maneno. Nilipofika mlangoni yote yalitoroka.

"Hodi!"

Msasa ulinyamaza ndani. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi wako wengi."

"Mimi wa mapovu."

Kisha nikasikia kicheko kikavu. "Ingia. Kanyaga taratibu, usije ukavunja kiti nilichotoka kukiunga."

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja na ua. Viti vilikuwa vimegeuzwa miguu juu kila mahali. Nilifungua taulo juu ya meza yake. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mwisho.

"Imeachia," nilisema. "Na ya kwanza iliachia. Sielewi. Mtoto atakosa nafasi."

Hakuniuliza mengi. Alichukua ubao mmoja, akaugeuza, akavuta utando wa gundi kwa ukucha. Akatazama kopo. Akanitazama mimi.

"Nani kakwambia hii ni gundi ya kuingia majini?"

"Jina lake. Si gundi ya maji?"

"Na mwenye shauri hilo ni nani?"

"Mume wangu. Na mimi."

"Waite wote waje," alisema. "Sitaki kusema mara tatu."

Walikuja. Binti alimwamkia, "Shikamoo, Bi," na mume wangu akasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Alianza kueleza habari ya koti la mvua na dawa ya mbu. Bi Msasa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na uji wa mtama je?" aliuliza. "Unazuia mtama?"

Mume wangu alivutavuta futi iliyokuwa shingoni.

"Uji wa mtama umetengenezwa kwa mtama," alisema Bi Msasa. "Na gundi hii imetengenezwa kwa maji. Brashi yake unaiosha kwa maji. Ni gundi nzuri, mimi naitumia kila siku kwa viti vya sebuleni. Lakini ukiipeleka majini inalainika, inakuwa nyeupe, inarudi ilikotoka."

"Nyeupe!" nilisema. "Niliyaona maji meupe! Nikadhani ni sabuni yangu."

"Haikuwa sabuni. Ilikuwa gundi inaaga."

Mume wangu alivua kofia. "Kumbe mwenye duka hakunidanganya."

"Alikupa ulichoomba, fundi. Ungemwambia unataka gundi ya mbao zitakazokaa majini, angekupa nyingine. Usitaje jina peke yake, taja kazi. Kisha soma kopo."

Binti alikuwa ameinamia vile vipande. "Lakini Bi, hii ya pili haikuingia majini. Mbona imeachia?"

Bi Msasa alichukua ubao mtupu na ubao wenye vanishi, akaziweka sambamba. Akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akadondosha tone moja kwenye kila ubao.

"Tazama," alisema.

Tuliinama sote, vichwa vikagongana. Kwenye ubao mtupu tone lilitanuka, likafifia, likaacha doa jeusi. Kwenye ubao wa vanishi tone lilibaki juu, duara, linang'aa.

"Ubao upi umekunywa?"

"Huu mtupu," alisema binti.

"Mbao zina vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Gundi nyingi za mbao huingia humo na kushika. Hiyo ndiyo mizizi yake. Ninyi mmeziba vitundu kwa vanishi, kisha mmeleta gundi. Mmefunga mlango, halafu mnamwambia mgeni karibu ndani. Gundi imebaki juu ya vanishi, haikushika ubao."

Binti alikuwa ametulia kabisa. Nilimwona anaelewa. Mimi bado nilikuwa njiani.

"Lakini ovaloki..." alianza mume wangu.

"Fundi, uzi wako unapitishwa na sindano. Hata kitambaa kiwe kigumu, kinatobolewa. Gundi haina sindano. Ikikuta njia inaingia, ikikosa inabaki nje."

Mume wangu alitikisa kichwa muda mrefu. "Hilo nimelielewa," alisema. "La sindano nimelielewa."

"Basi shikeni moja tu," alisema Bi Msasa. "Gundisha mbao tupu, kisha ziba mashua nzima."

"Ziba tupu, gundisha nzima," nilirudia.

"Mama!" alisema binti yangu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamwona anacheka.

Kesho yake asubuhi binti alianza upya. Bi Msasa alikuja kwetu, akakaa kwenye kigoda, mikono ameikunja kwapani. "Barua inasema uunde mwenyewe," alisema. "Mimi nina mdomo tu leo."

Gundi mpya, ambayo safari hii mume wangu aliiomba dukani kwa kutaja kazi, ilikuwa ya chupa mbili. Kila moja peke yake haishiki hata karatasi. Zikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, zinakuwa jiwe.

"Kama mimi na mama yako," alisema mume wangu.

"Vaa glavu," alisema Bi Msasa, bila kumjali. "Isikuguse ngozi wala macho. Changanya kidogo kidogo, maana ikikaa kwenye kopo inaganda. Na kabla hujaiamini, ijaribu."

Binti aligundisha vipande viwili vya mbao za kutupa. Siku iliyofuata alivizamisha kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi baba yake alivivuta kwa nguvu zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ubao ulipasuka pembeni, lakini mahali pa gundi palibaki palivyokuwa.

"Hapo ndipo utaamini," alisema Bi Msasa. "Ubao unapovunjika kabla ya gundi."

Binti alisugua mbao mpya za mashua kwa msasa, akafuta vumbi lote kwa kitambaa kikavu, akapaka gundi pande zote mbili za kiungo. Akabana. Bi Msasa alimzuia asikaze mno, gundi yote isije ikakamuliwa nje na kiungo kikabaki kitupu. Iliyochuruzika aliifuta hapo hapo.

"Ya nini kuifuta? Si inaongeza nguvu?" niliuliza.

"Ikikauka hapo, vanishi haitaingia ubaoni. Utabaki na doa, na doa ndilo mlango wa maji."

Asubuhi mume wangu aliigusa. "Imekauka!" alitangaza, akaanza kutoa kibanio.

"Weka mkono chini!" Sauti ya Bi Msasa ilivuka ukuta. Sijui alimwonaje. "Imekauka, haijakomaa! Zege likikauka juu, unapandisha ghorofa siku hiyo hiyo?"

Basi tuliiacha siku nzima nyingine. Hesabu yangu ya siku ilinichanganya, nikawa naamka na kuuliza leo ni lini. Zilikuwa zimebaki nane.

Vanishi ilikuja kuwa shida nyingine. Bi Msasa alipojua kwamba tulipaka jikoni, moto unawaka na dirisha limefungwa, alishika kichwa.

"Mngelipuka! Mvuke wa vanishi unashika moto. Na mkiuvuta unawaumiza. Mahali pasipo moto, madirisha wazi."

Tukahamia chumba changu cha kupigia pasi. Pasi niliichomoa, nikaitoa nje kabisa. Binti alipaka mkono wa kwanza, yaani tabaka jembamba la vanishi, ndani na nje. Kwenye ncha za mbao, pale ubao ulipokatwa, alipaka mara mbili, maana ndipo mbao zinapokunywa zaidi. Tukafungua dirisha, tukatoka.

Kesho yake aliniita. Sauti yake haikuwa nzuri.

Nilipitisha kidole juu ya mashua. Ilikuwa na chengachenga kila mahali, kama mtu ameinyunyizia chumvi. Tukikaribia, tunarudi nyuma. Nilidhani vanishi nayo imeharibika, au ni gundi, au ni sisi tu, familia yenye nuksi ya mbao.

Bi Msasa alikuja. Aligusa, akanusa, akatazama dirisha lililo wazi. Akatazama nje, kwenye ua wake, ambako kabati alilokuwa analisugua lilikuwa limesimama jeupe kwa vumbi. Kisha akatazama kamba yangu ya nguo, iliyo katikati.

"Vumbi hili ni langu," alisema.

Nilipangusa chenga kwenye kidole changu.

"Na shuka zako zilikuwa hivi?"

"Zilikuwa hivi. Na zilikuwa mbichi. Nilizifua mara mbili siku ile, mikono ikachubuka."

Alisugua vidole vyake pamoja. "Nilidhani una maneno tu."

"Nilikuwa nayo," nilisema. "Kuhusu vumbi nilikuwa na haki. Lakini kukutukana mbele za watu sikuwa na haki. Nisamehe, jirani."

"Na mapovu nayafuta," alisema. Akageuka haraka kwa binti yangu, kama mtu aliyeshika kitu cha moto. "Wewe, usilie. Chukua msasa laini kabisa, sugua kidogo tu mpaka chenga ziishe. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ikikauka, paka mkono wa pili. Halafu wa tatu. Mimi sisugui kitu mpaka umalize."

Na kweli hakusugua. Siku tatu ua wake ulikuwa kimya, na wateja wake wakaambiwa wasubiri. Baada ya hapo tulipanga: Jumatatu na Alhamisi mimi naanika, yeye anaunga kwa gundi. Siku nyingine anasugua atakavyo. Kumbe lilikuwa jambo la dakika tano, nasi tulilibeba miezi minane.

Mkono wa tatu ulipokauka, mashua iliachwa ikomae mpaka siku ya jaribio. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mume wangu alikuwa anapita mlangoni mikono ameiweka nyuma.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Kwenye karakana kulikuwa na tangi refu la bati, na mashua tisa juu yake. Msimamizi, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, aliweka mawe kwenye kila moja. Sisi wazazi tulisimama nyuma ya kamba.

Saa tatu mashua moja ilizama. Saa nne, mbili. Nilianza kuona mambo.

"Mbona ya kwetu inaegemea?" nilimnong'oneza mume wangu.

"Haiegemei. Wewe ndiye umeegemea. Simama wima."

Nilisimama wima. Ikawa sawa. Kisha nikaona maji yanakuwa meupe pembeni yake, roho ikanitoka. Lilikuwa wingu, linapita juu na kuonekana kwenye maji. Mume wangu alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa umelowa jasho kuliko wangu.

Saa sita msimamizi alipuliza filimbi. Zilikuwa zimebaki sita. Nafasi zilikuwa nne.

Alikwenda mashua moja hadi nyingine. Alitoa mawe, akabandika karatasi nyeupe kavu ndani, akaibonyeza, akaitoa na kuitazama kwenye mwanga. Mbili zilikuwa na madoa. Akafika kwa binti yetu. Karatasi ilitoka kavu. Aliigeuza. Kavu.

Lakini hakusogea. Alipitisha kidole gumba kwenye kiungo cha mbele.

"Umeziba kwanza, au umegundisha kwanza?" aliuliza.

"Hii nimegundisha kwanza," alijibu. "Ya kabla yake niliziba kwanza. Iliachia kabla haijafika majini."

"Kwa nini iliachia?"

Nilifumba macho. Ningeulizwa mimi, ningekimbia. Lakini binti yangu alieleza. Alieleza vitundu vya mbao, na tone la maji lililokaa juu ya vanishi. Alieleza mashua ya kwanza na gundi iliyolainika. Alieleza chenga, na kwa nini alisugua kabla ya mkono wa pili. Hakukwama popote. Alipomaliza, hata mimi nilikuwa nimeelewa yote, kwa mpangilio, toka mwanzo.

Msimamizi alifungua daftari, akalamba ncha ya penseli.

"Kiatu unavaa namba ngapi?"

Binti aliganda. "Samahani?"

"Anauliza kiatu cha nini?" mume wangu aliniuliza. "Kwani miguu ina kosa gani?"

"Sijui," nilisema. Kweli sikujua. Kichwa changu kilikuwa kimezunguka tena.

"Kiatu," alirudia msimamizi, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Karakana inawapa wanafunzi wake buti za kazi. Niandike namba ngapi?"

Binti yangu alitazama miguu yake, kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza.

"Thelathini na tisa," alisema.